Ghala la nyumbani lilienda wapi? Uzi kuhusu unga, serikali na magunia ya susu

Huu uzi ni mrefu, chukueni chai.

Kila mvua ikikosa, au bei ya unga ikipanda, kuna sentensi mbili ambazo lazima utazisikia kwenye mijadala ya televisheni na kwenye mikutano ya hadhara. Ya kwanza: "Wananchi wajifunze kuweka akiba ya chakula, wasingoje serikali." Ya pili: "Serikali imelala, watu wanakufa njaa." Wanaosema hubadilishana. Aliyesema ya kwanza mwaka huu alisema ya pili akiwa upande ule mwingine. Kama kawaida ya huu ukurasa, sitaji mtu wala chama. Mimi nataka tu tuulize kitu kimoja: hiyo akiba ya nyumbani ilikuwepo? Na kama ilikuwepo, nani aliitoa?

Kabla ya historia, nikajipima mwenyewe. Juzi nilifungua kabati langu hapa bedsita. Nusu pakiti ya unga. Kikombe kimoja cha mchele. Ndengu kidogo kwenye chupa. Mafuta ya kupima, yale ya kununua ya mia. Tambi za pakiti tatu. Nikipika kwa akili, hiyo ni siku nne, na siku ya nne ni chai kavu. Nikauliza wenzangu sita wa darasani. Mmoja tu ndiye angefika wiki mbili, na huyo mama yake alikuwa amemtumia gunia la viazi na basi. Sisi ndio watu tunaosoma sera za usalama wa chakula, by the way.

Sasa turudi nyuma. Nitatumia Ukambani kwa sababu ndiko kwetu, na kwa sababu susu wangu (nyanya, kwa wale wa kwingine) bado yuko Makueni na kumbukumbu yake ni kali kuliko yangu.

Wakamba waliita ghala ikumbi. Wakikuyu pia wana ikumbi. Wajaluo wana dero. Miundo inatofautiana, lakini wazo ni moja: kikapu kikubwa cha fito kilichosukwa, kikainuliwa juu ya mawe au miti ili unyevu na panya wasifike kirahisi, juu paa la nyasi. Ndani kulikuwa na mawele, mtama, wimbi, kunde, mbaazi. Majivu yalichanganywa na nafaka kuzuia wadudu. Mbegu ilitengwa, ikaning'inizwa juu ya moto jikoni ipate moshi.

Kitu cha kwanza ambacho wengi hatujui: nafaka ndogo ndogo kama wimbi hukaa miaka. Punje ni ndogo mno, fukusi hana pa kuingia. Kwa hiyo mtu wa nchi kavu ambaye anajua msimu mmoja kati ya kadhaa utamwangusha hakuwa anahesabu chakula cha mwezi. Alihesabu misimu. Susu anasema mama yake hakuuza nafaka ya zamani mpaka aone mpya imesimama shambani.

Kitu cha pili, na hiki ni cha siasa kabisa: ikumbi lilikuwa la mwanamke. Kwenye boma la wake wengi kila mke alikuwa na ghala lake, akilishia watoto wake. Nani atoe, atoe kiasi gani, lini, hayo yalikuwa maamuzi yake. Shika hiyo, tutairudia.

Lakini tusianze kulia tukisema zamani ilikuwa peponi. Mwaka wa 1898 hadi 1900 Ukambani na sehemu za kati ziliingia kwenye njaa ambayo wazee wa kwetu waliiita Ngomanisye, yaani iliyoenea kila mahali. Ukame, nzige, tauni ya ng'ombe iliyokuwa imepita miaka michache kabla, kisha ndui juu yake. Watu wengi sana walikufa. Na wakati huo misafara na wajenzi wa reli walikuwa wanahitaji chakula, kwa hiyo kulikuwa na mtu wa kununua nafaka hata pale ambapo haikufaa kuuzwa. Wakikuyu njaa ile waliiita ya Ruraya, yaani ya Ulaya. Jina tu linakuambia walimlaumu nani. Kwa hiyo ghala la nyumbani lilikuwa na mipaka yake. Lilivumilia msimu mmoja mbaya, labda miwili. Halikuvumilia misiba minne kwa mpigo.

Halafu mahindi. Mahindi yalikuwepo pwani na sehemu nyingine tangu zamani, lakini mahindi meupe kama zao kuu la Mkenya ni mtoto wa ukoloni. Yalikomaa haraka, ndege hawakuyasumbua sana kama mtama (kufukuza ndege ni kazi ya watoto, na watoto walianza kwenda shule), na zaidi ya yote yalikuwa na soko. Mashamba ya walowezi, jeshi, kambi za wafanyakazi, wote walilishwa posho ya unga wa mahindi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia yalisambaa kwa kasi. Tatizo ni kwamba hayakai kama wimbi. Punje ni kubwa na laini, fukusi anashukuru. Bila dawa, miezi michache tu unaona unga chini ya gunia. Kwa hiyo tulipobadilisha zao, tulibadilisha pia urefu wa akiba bila kutangaziwa. Kutoka miaka hadi miezi.

Sasa tufike mwaka ambao naona ungepaswa kufundishwa darasa la nane: 1942.

Vita vya Pili vinaendelea. Serikali ya kikoloni inaanzisha udhibiti wa mahindi. Kwa lugha rahisi, mahindi yakawa mali inayopita kwa mnunuzi mmoja, kwa bei iliyopangwa ofisini, na kuyahamisha kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Mlowezi alilipwa bei yake, Mwafrika bei yake, na unajua ipi ilikuwa ya chini. Mvua ikakosa. Mwaka wa 1943 kukawa na njaa kubwa, na tume ya uchunguzi ikaundwa kuuliza chakula kiliendaje kikaisha. Wakikuyu waliiita njaa ya Mianga, yaani ya mihogo, kwa sababu mihogo ndiyo iliyobaki kununuliwa.

Mbona nasisitiza mwaka huo? Kwa sababu hapo ndipo serikali ilipojifanya ghala la taifa. Kabla ya hapo, wilaya yenye ziada na wilaya yenye njaa ziliunganishwa na biashara ya miguu: mbuzi kwa nafaka, chumvi kwa nafaka, binamu kwa binamu. Sheria ikafanya hiyo biashara kuwa magendo. Mama aliyebeba debe la mahindi kwenda kwa dada yake ng'ambo ya mpaka wa wilaya akawa mhalifu.

Na watu hufikiri hiyo iliisha na uhuru. Zii. Uhuru ulikuja 1963 na mfumo ukabaki. Mwaka wa 1965 kukawa na upungufu mkubwa wa mahindi, mwaka uliofuata ikaundwa tume, na bodi ikapewa sura mpya na jina jipya. Mwaka wa 1979 ikaunganishwa na ya ngano, tukapata Bodi ya Nafaka na Mazao ambayo tunayo mpaka leo. Vibali vya kuhamisha mahindi viliendelea kukaguliwa barabarani, na hakuna Mkenya wa umri fulani ambaye hana hadithi ya kizuizi cha polisi na gunia chini ya kiti cha basi. Udhibiti huo haukuondolewa wote mpaka 1993. Hesabu mwenyewe: kutoka 1942 hadi 1993 ni miaka 51.

Naomba tuwe wakweli hapa, maana kuna mtu ataandika komenti kwamba nachukia serikali. Huo mfumo ulikuwa na makubaliano ndani yake. Mkulima anapeleka mavuno yote kwenye depo, analipwa bei inayojulikana, na serikali inasema: usijisumbue kuweka, tutakuwekea sisi, siku ya shida utapata. Si wazo la kijinga. Ghala kubwa la saruji lenye dawa na mlinzi linahifadhi vizuri kuliko kikapu cha fito. Na nchi ambayo Bonde la Ufa linavuna wakati Ukambani umekauka inahitaji mtu wa kuhamisha chakula.

Shida ni siku ambayo aliyeweka akiba amekosea hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 tulikuwa na ziada, tukauza nje. Mwaka wa 1980 tukaishiwa, tukaagiza kutoka nje. Foleni za unga mijini. Kumbuka wakati huo nyumbani hakuna ikumbi la maana tena, kwa sababu mahindi yamekwenda depo na hela imekwenda karo.

Sasa nisikilizeni hii. Wakamba hupa njaa majina, na ukizipanga hizo njaa unapata historia nzima ya mahali chakula kilipokaa. Ngomanisye nimeitaja. Ya 1961 ni njaa ya Ndeke, yaani ndege, kwa sababu chakula kilidondoshwa na ndege. Ya 1965 ni ya Atta, ule unga wa msaada. Na ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 inaitwa Nikwa Ngwete. Maana yake: nakufa nikiwa nimeshika. Nimeshika nini? Pesa.

Susu aliniambia hii nikiwa mdogo nikadhani ni methali. Si methali. Guka alikuwa na kazi Mombasa bandarini, alikuwa anatuma pesa kila mwezi. Susu anasema alitembea mpaka sokoni na noti amezifunga kwenye pindo la leso, akakuta duka liko wazi, mwenye duka amekaa, na rafu ziko tupu. Akaenda la pili. La tatu. Akarudi na noti zake. "Nilikuwa tajiri siku hiyo," huwa anasema, na anacheka, lakini si kicheko cha mzaha.

Mwaka wa 1984 mahindi ya manjano yalifika kutoka nje, na wale waliokuwa hai wote wanayakumbuka. Watu waliyadharau, wakasema ni chakula cha mifugo, wakala. Na kusema haki, wataalamu wengi hutaja 1984 kama mwaka ambao serikali ilijibu mapema, ikaagiza kabla mambo hayajaharibika kabisa, ikafikisha. Kwa hiyo ukiniuliza kama ghala la serikali linaweza kufanya kazi, jibu ni ndiyo, limewahi. Ila pesa za mshahara bila chakula karibu hazikumsaidia susu, na chakula kilichokuja kilipitia kwa chifu na orodha. Mwolyo, ndivyo tunavyoita chakula cha msaada. Susu hakuwahi kupanga foleni kwa ajili ya ikumbi lake mwenyewe.

Na hapo turudi kwa yule mwanamke na ghala. Nafaka ilipokuwa kwenye ikumbi, ufunguo ulikuwa kwake. Ilipokuwa hundi ya depo, mara nyingi jina lililoandikwa lilikuwa la mume. Hakuna aliyepiga kura kuhusu hilo. Lilibadilika tu na karatasi.

Miaka ya 1990 soko likafunguliwa. Vibali vikaondoka, jambo zuri. Bodi ikapunguza ununuzi, na yale makubaliano ya "tutakuwekea" yakaisha bila mtu kuja kijijini kusema "sasa jiwekeeni tena." Na kufikia wakati huo kujiwekea kulikuwa kugumu zaidi kuliko enzi za mama yake susu. Mashamba yamegawanywa kwa wana mpaka ni vipande. Fito na nyasi za kujenga ikumbi hakuna. Na kulikuwa na mgeni.

Mgeni anaitwa dumuzi. Mdudu mdogo mweusi mwenye asili ya Amerika ya Kati, alionekana Tanzania kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, na hapa kwetu alionekana Taveta mwaka wa 1983. Fukusi wa kawaida anakula polepole. Dumuzi anatoboa mahindi, anatoboa mbao za ghala, anaacha unga mtupu. Ukiweka mahindi bila dawa kwenye eneo lenye dumuzi, unaweza kupoteza sehemu kubwa sana kabla ya msimu mwingine. Mkulima aliyeona hivyo mara moja anafanya uamuzi wa busara kabisa: auze mapema, hata kwa bei mbaya. Halafu sisi mjini tunamwita mtu asiyejua kupanga.

Sasa naingia sehemu ambayo ndiyo ilinifanya niandike huu uzi.

Mwaka wa 2004, Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu walianza kuumwa ini. Macho ya njano, tumbo kuvimba. Ilikuwa sumu ya kuvu, aflatoxin, iliyokuwa kwenye mahindi. Wagonjwa walioorodheshwa walikuwa 317. Waliokufa 125. Ni mojawapo ya milipuko mibaya zaidi ya sumu hiyo kuwahi kurekodiwa duniani, na ilitokea kwetu, kwa chakula cha kawaida cha kila siku.

Watafiti walipokuja kuuliza maswali, moja ya mambo waliyogundua lilikuwa hili: hatari ilikuwa kubwa kwa waliokula mahindi yao wenyewe waliyovuna, na kwa walioweka mahindi yakiwa na unyevu ndani ya nyumba wanamolala. Soma tena. Mahindi ya nyumbani. Akiba.

Kwa nini ndani ya nyumba? Kwa sababu kulikuwa na njaa, na penye njaa kuna wizi. Watu walivuna mapema kabla hayajakauka vizuri, wakayaingiza ndani, wakayarundika sakafuni penye joto na giza bila hewa. Ikumbi la nje lilikuwa na upepo. Chumba cha kulala hakina. Familia ilifanya kile kile ambacho kila msemaji jukwaani huiambia ifanye: iliweka chakula. Nilikuwa sijazaliwa vizuri, lakini kijiji cha susu kilizika, na nyumba moja ilizika zaidi ya mtu mmoja.

Kwa hiyo mtu akisema kwenye mjadala "wananchi waweke akiba" kisha akaenda kwa hoja inayofuata, mimi hukasirika. Waweke wapi? Kwa kikaushio gani? Nani amepima unyevu? Kipimo cha unyevu na mashine ya kukaushia si vitu vya kila boma, hivyo ni vitu vya kata, vya ushirika, vya bajeti ya kaunti. Siku hizi kuna ile mifuko isiyopitisha hewa, yenye nailoni mbili ndani. Ukiifunga vizuri wadudu wanakosa pumzi wanakufa bila dawa. Inafanya kazi. Lakini mahindi lazima yawe yamekauka kwanza, na mfuko mmoja bei yake ni mara kadhaa ya gunia la kawaida.

Upande wa pili nao: "serikali ina hifadhi ya taifa." Sawa, tupige hesabu. Kwa miaka mingi lengo la hifadhi ya kimkakati lilikuwa magunia milioni 3 ya kilo 90. Hiyo ni kilo milioni 270. Sensa ya 2019 ilituhesabu milioni 47.6. Gawanya. Kila Mkenya anapata kilo 5.7. Hata pakiti tatu za unga hazifiki. Na hilo ni lengo, ghala likiwa limejaa, ambalo si kila mwaka. Hifadhi hiyo haikukusudiwa kutulisha sote, ni ya kutuliza bei na kununua muda mpaka meli ifike. Hakuna ubaya, ila semeni hivyo.

Mjini ni hadithi nyingine na nitaipitia haraka kwa sababu mnaiishi. Uchumi wa kadogo. Sukari ya kumi, mafuta ya ishirini, unga wa kupima. Anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kilo kuliko anayenunua bei ya jumla, na anajua, hahitaji kuelimishwa. Hana pesa zote kwa wakati mmoja. Na hata angekuwa nazo, chumba cha futi 10 kwa 10 chenye watoto wanne hakina kona ya gunia. Machi 2020, kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa, tuliona wenye magari wakijaza mikokoteni supamaketi mpaka milango haifungi. Mtaani kwetu watu walinunua kama kila siku. Hofu ilikuwa ile ile, pochi ndiyo tofauti. Kila mwaka wa uchaguzi hiyo picha hurudi.

Kisha ruzuku ya unga. Mei 2017 pakiti ya kilo 2 ilishushwa hadi shilingi 90. Julai 2022 ikashushwa hadi 100. Uchaguzi ulikuwa Agosti miaka yote miwili, mchoro ujichoree mwenyewe. Nataka tu uone kitu kimoja ambacho hakisemwi sana. Ruzuku hulipwa kwenye pakiti. Inamsaidia anayenunua wiki hii, na wiki ile ilikuwa mbaya kweli, sitaikejeli. Lakini mkulima aliyevumilia, akaweka gunia lake kutoka mavuno akingoja bei ya Juni, anakuta bei imebanwa kwa tangazo la siku moja. Mwaka unaofuata atangoja tena? Na aliyekausha vizuri, akanunua mfuko wa nailoni mbili, ruzuku hiyo ya pakiti haimfikii.

Katiba, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Maneno "ubora unaokubalika" mimi huyasoma nikiwaza 2004. Kifungu hakisemi chakula kikae wapi. Hapo ndipo siasa inapaswa kuwa, na ndipo haipo. Kwa hiyo mgombea akikwambia watu wajiwekee, muulize kikaushio cha kata kiko wapi na nani ana ufunguo. Akikwambia serikali itaweka, muulize magunia mangapi, na tutajuaje yakipungua. Kuna sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka wa 2019 inayomruhusu mkulima kuweka nafaka kwenye ghala lililosajiliwa na kukopa kwa kutumia risiti badala ya kuuza kwa haraka. Muulize kama anaijua. Utashangaa.

Najua kuna mtu tayari anaandika "watu wa huko ni wavivu, mvua ya mwaka jana walifanyia nini." Basi nikwambie ya mvua ile kubwa ya mwisho wa 2023 walifanyia nini.

Susu alivuna vizuri mwanzoni mwa 2024. Magunia matano, kwa mwanamke wa umri wake. Aliyakausha kwa turubai, akayageuza kila siku, akatumia mifuko ile mizuri. Alikuwa na chakula cha zaidi ya mwaka. Machi, chuo kikatangaza kwamba asiyemaliza karo haketi mtihani. Akauza matatu, 2,600 kila moja. Mimi niliketi mtihani.

Mvua iliyofuata haikufaa. Mei 2025 alikuwa ananunua mahindi sokoni kwa gorogoro, shilingi 110. Gunia la kilo 90 linatoa gorogoro kama 40. Hiyo ni 4,400 kwa kitu alichouza 2,600, na hakuniambia. Nilijua kwa sababu nilikwenda nyumbani nikakuta gorogoro mezani na mfuko wa nailoni umekunjwa vizuri kabatini, mtupu.

Mwaka huu ana magunia mawili nyuma ya kochi. Mabaki ya ikumbi yako nje, kuku wanatagia humo. Jumapili alipiga simu, akauliza mvua ya Nairobi, akauliza kama nakula, halafu akauliza karo ya semista hii ni ngapi.

Bado sijamjibu.